Kwani Wasafishaji Hawafi?

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kwenye treni ya mstari mwekundu hapa Stockholm ananisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Riziki, hivi ilikuwaje?" Baadhi yenu mlikuwepo kwetu Alby siku ile, mliimba, mkala, mkaondoka mmenuna. Wengine mmesikia vipande tu. Nimechoka kueleza nusu nusu huku nikingojea kituo changu, kwa hiyo naandika yote mara moja, kuanzia mlangoni kwetu mpaka mlangoni kwetu tena. Habari za tiketi na vibali naziruka. Huko hakukuwa na kosa.

Alby, kabla ya kuondoka

Mnaonijua mnajua kwamba nakusanya visanamu vya mifupa kutoka Mexico. Cha kwanza nilikikuta kwenye soko la mitumba Skärholmen: kinyozi wa udongo, mifupa mitupu, mkasi mkononi, anacheka kwa meno yote, na mteja wake aliye kitini naye ni mifupa. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya falsafa ambayo hakuna aliyeihitaji, na nilikuwa nimechoka na misiba yetu, ile minong'ono, zile sura za huzuni watu wanazovaa mlangoni pamoja na viatu wanavyovua. Kinyozi yule hakuwa na adabu yoyote mbele ya kifo. Nikampenda. Baada yake nikatafuta wengine, mpaka rafu ya chumbani ikajaa.

Mama hakusema ni uchawi, kama baadhi yenu mlivyosema. Kila Jumamosi aliwapangusa vumbi mmoja mmoja na kuuliza habari zao.

"Huyu naye anafanya kazi gani?"

"Mwokaji mikate."

"Na huyu wa kuinama?"

"Daktari wa meno."

Jumamosi moja alirudi nyuma hatua, akaitazama rafu yote, mkono kiunoni. "Mwokaji yupo. Daktari yupo. Mpiga gitaa yupo, tena wawili. Kwani wasafishaji hawafi?"

Tulicheka mpaka akakaa kitandani. Mama anasafisha uwanja wa ndege wa Arlanda tangu mimi niko shule ya msingi. Utani huo ndio ulionipeleka Mexico. Nilijua mafundi wa kule hutengeneza kwa kuagizwa, nikaamua kumletea mifupa yake: sare, glavu, kitoroli cha usafi. Mfanyakazi mwenzake alinipa picha aliyompiga kazini, Mama ameegemea kitoroli chake kama dereva aliyeegemea gari jipya. Nikaichapisha, nikaitia begini bila yeye kujua.

Kuna jambo moja lazima mlijue kabla hatujaondoka. Koko, mama yake Mama, yuko Kalemie, kule Kongo kando ya ziwa. Alizaa watoto wengi na amewazika wote, vita na maradhi, isipokuwa Mama. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunampigia kwa video, na kila Jumapili anamaliza kwa maneno yale yale: "Feza, weye ndiye utanizika mimi. Umesikia?" Mama anajibu, "Nimesikia, Mama." Hiyo ndiyo dua yake pekee, sijawahi kumsikia akiomba kitu kingine. Mimi nilikuwa nageuza macho. Niliwahi kumwambia Mama kwamba kifo hakipangi watu foleni. Aliniambia nimpishe akatoe bukari, ugali wetu, jikoni.

Njiani kwenda Morelia

Ndege ilichelewa, begi langu likachelewa zaidi. Nililala Jiji la Mexico na nguo nilizosafiri nazo, kisha nikapanda basi la kwenda Morelia, kwenye milima ya magharibi. Katikati ya safari tukasimama. Lori lililojaa maua ya rangi ya chungwa lilikuwa limekufa katikati ya barabara. Siku ya Wafu ilikuwa imekaribia, na wale watu huwapokea marehemu wao kwa maua hayo. Abiria hawakulalamika. Walishuka, wakamzunguka dereva wa lori, wakanunua maua palepale barabarani kama vile lori lilikuwa limesimama kwa ajili yao.

Mama mmoja mzee aliyekaa kando yangu alirudi na mafungu mawili. Moja akaniwekea mapajani.

"Kwa wafu wako," alisema. Kispanyola changu ni cha kujifunza kwenye simu, lakini hayo niliyaelewa.

"Sina," nikajibu. Nilikuwa na maana kwamba mambo hayo siyafanyi.

Alinitazama kwa mshangao mkubwa, akanipapasa goti, kana kwamba nilikuwa nimesema sina nyumba. Tulipofika Morelia nilishuka, yale maua nikayaacha kwenye kiti.

Kijijini kwa wafinyanzi

Kijiji kiko nje kidogo ya Morelia. Karibu kila ua una tanuru, na kwenye kila ukuta mifupa inakauka kivulini: maharusi, wapanda baiskeli, mabibi wenye kofia pana. Nilikuwa nimeelekezwa kwa Doña Chabela, mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, mwenye udongo mpaka kwenye nyusi. Binti yake Itzel, anayefundisha shule, ndiye aliyenitafsiria kwa Kiingereza.

"Mama anaomba radhi," Itzel alisema. "Majuma haya hatengenezi sanamu za duka. Anatengeneza za watu waliofiwa tu, za kuweka madhabahuni nyumbani. Rudi baada ya sikukuu."

Baada ya sikukuu ningekuwa nimesharudi Stockholm. Nikatoa ile picha, niwaonyeshe tu jinsi kitoroli kilivyo. Doña Chabela aliifuta mikono, akaipokea kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kitu kwa sauti tofauti kabisa.

"Anauliza," Itzel alisema polepole, "alifariki lini?"

Yuko hai. Ni maneno mawili tu, na kwa Kiingereza pia si mengi. Niliangalia sakafu. Nilijiambia kwamba sijasema uongo, maana sijasema chochote. Nilijiambia kwamba picha ni karatasi, kwamba hakuna kinachoweza kumtokea mtu aliye upande wa pili wa dunia kwa sababu mimi nimenyamaza. Hoja zote zilikuwa sahihi, na ningeweza kuzitetea mbele ya mwalimu yeyote. Doña Chabela akauweka mkono wake wenye udongo kichwani kwangu, akaushikilia hapo.

Kuanzia hapo nikawa mfiwa, na mfiwa hulishwa. Nilipewa chumba cha nyuma, nikapewa donge la unga wa mahindi lililopikwa ndani ya jani, nikapewa supu nikiwa bado natafuna lile donge. Karibu wiki mbili nilikaa kwenye kigoda kando ya Doña Chabela akisokota mifupa midogo ya udongo juu ya waya. Aliuliza maswali kuhusu Mama kama fundi cherehani anavyochukua vipimo. Husimama vipi akichoka? Hushika fimbo ya kupigia deki kwa mkono gani? Akicheka, hufunika mdomo? Nilijibu yote. Sidhani kama nimewahi kumwelezea Mama kwa mtu yeyote kwa makini vile.

Kisanamu kilipotoka tanuruni na kupakwa rangi, nilimwona Mama palepale. Mifupa ilikuwa imeegemea kitoroli, nyonga moja juu, kichwa kimeinama upande kama Mama anapongojea umalize upuuzi wako. Ndoo ilikuwa na maji ya rangi ya buluu, na juu ya ndoo kulikuwa na kitambaa kidogo kuliko ukucha.

Siku ya mwisho Doña Chabela aliuliza Mama alipenda kula nini. Nikasema sombe na ndagala, nikajaribu kueleza: majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wadogo wakavu kutoka ziwani kwetu. Alipiga makofi. Alitoka, akarudi na mfuko. Jamani, ilikuwa ndagala! Wao pia wana ziwa, na ziwa lao lina samaki wadogo wa kukaushwa wanaoliwa na vichwa vyao. Akawakaanga, akawaweka kwenye sahani madhabahuni, kati ya mishumaa na yale maua ya chungwa, pembeni ya glasi ya maji. Na nyuma ya sahani, kwenye fremu ya fedha iliyokuwa na picha ya dada yake, akaiweka picha ya Mama.

Nilikuwa nimeshabeba begi. Itzel alinishika mkono mlangoni. "Unaondoka leo, na kesho kutwa ni Siku ya Wafu? Utaondoka kabla mama yako hajafika?"

Nilipandisha mabega. Kisha nikapiga picha ya ile sahani.

Juu ya Atlantiki, na Paris

Nikiwa kwenye foleni ya kupanda ndege niliiweka ile picha kwenye stetasi yangu. Sikuandika neno. Mimi nilichoona ni samaki: nani angeamini, ndagala Mexico! Nikazima simu, nikalala usingizi mzito.

Paris ndege ya Stockholm ilikuwa imechelewa, kisha ghafla haikuwa imechelewa tena, wakaanza kutuita. Niliwasha simu nikiwa nakimbia. Ilikuwa na chaji kidogo sana, na chaja nilikuwa nimeipakia kwenye begi kubwa. Kioo kikaanza kujaa. *Pole sana dada.* *Mungu akutie nguvu.* Msalaba. Mikono iliyoshikana. *Tumepokea kwa mshtuko.* Kisha Mama Ndayi wa Hallonbergen, Mrundi anayeongoza akina mama wa kanisa letu: *Riziki mwanangu, mama yako alikuwa dada yangu. Tuko kwenu, usiwe na wasiwasi, kila kitu tunashughulikia.*

Alikuwa.

Nilimpigia Mama. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na safari hii simu yangu ndiyo iliyozimika.

Mtaniuliza ilikuwaje nisikumbuke ile picha. Naapa haikunijia hata kidogo. Kilichonijia ni sakafu ya karakana ya Doña Chabela, na macho yangu yakiitazama. Mimi, niliyewahi kubishana na mchungaji wetu mbele ya watu kwamba maneno hayaui, nilikaa kwenye kiti cha dirishani nikiwa na uhakika kamili kwamba nimemuua mama yangu kwa kunyamaza. Sikutafuta ushahidi. Sikuuliza swali hata moja. Nilimwomba Mungu, kwa Kiswahili cha Koko, arudishe saa nyuma.

Mzee wa Kiswidi aliyekaa kando yangu alivumilia kilio changu mpaka juu ya Denmark. Kisha, bila kunitazama, akanisogezea kifuko cha peremende zao nyeusi za chumvi. Nikala moja. Nikalia zaidi. Akakirudisha mfukoni taratibu, nadhani aliona zimezidisha.

Arlanda

Kutoka mlango wa ndege mpaka kwenye mabegi kuna korido ndefu. Nilikuwa natembea nimekumbatia boksi la kisanamu kifuani, nimeinamisha kichwa, nikakaribia kukikanyaga kibao cha manjano cha kuonya kwamba sakafu ina maji.

"Eh! Weye huoni?"

Alikuwa amesimama na fimbo ya deki, nyonga moja juu, kichwa kimeinama upande.

Nilikaa chini palepale kwenye maji.

"Riziki? Mbona unalia? Umeibiwa?" Mama aliinama. "Nimechukua zamu ya mtu ili nikuone ukishuka. Simu nimesahau nyumbani kwenye chaji, sikuweza kukwambia. Inuka, unalowa."

"Wamesema umekufa."

"Mimi?" Alijitazama, akaangalia ndoo. "Na hii korido nani anapiga deki?"

Alicheka, nami nikacheka kwa kwikwi. Mwenzake wa zamu akaniazima chaja. Tukasimama karibu na soketi ya ukutani tukingojea simu iamke, na ilipoamka tukasoma pamoja, ujumbe baada ya ujumbe, tukipanda juu mpaka tukafika kwenye chanzo. Ilikuwa stetasi yangu. Picha ya Mama kwenye fremu ya fedha, mishumaa pande mbili, maua, glasi ya maji. Kwetu picha ya namna hiyo haihitaji maandishi. Nani asiyejua inasema nini?

Mama aliitazama muda mrefu kama alivyoitazama Doña Chabela.

"Hii sare yangu," alisema. "Nani aliniwashia mishumaa?"

Nilimweleza. Karakana, msimu, swali.

"Donc, yaani ulisema nimekufa."

"Sikusema, Mama. Nilinyamaza."

"Ah bon," alisema. "Ulinyamaza." Akaanza kukunja kibao cha manjano. Katikati ya kukikunja mikono yake ikasimama. "Riziki. Koko ana mjukuu mwenye simu."

Treni kutoka Märsta

Tulipanda basi la wafanyakazi mpaka Märsta, kisha treni. Njia nzima nilipiga Kalemie. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili binamu yangu alipokea, na Mama aliposema, "Ni mimi Feza," akakata. Baadaye alituambia aliitupa simu kitandani. Mara ya tatu tulipiga kwa video.

Nyuma kulikuwa na turubai la buluu na sauti za wanawake wakiimba. Simu ikapitishwa mikono mingi, ikatua, na kwenye kioo akatokea mzee ambaye sikumtambua. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kina mng'ao, kidogo kama cha mtoto. Kisha nikayaona macho.

Kwetu mama akifiwa na mtoto hunyoa. Koko alikuwa ameshanyoa mara nyingi. Safari ya mwisho alisema hatanyoa tena mpaka anaingia kaburini, na nywele zake nyeupe alizisuka kila Jumamosi ili tuzione Jumapili.

"Weye ni nani?" Koko aliuliza.

"Mimi Feza, Mama."

"Simama."

Mama alisimama katikati ya behewa.

"Tembea."

Alinipa simu niishike. Akatembea kati ya viti, na sare yake ya kazi, mbele ya watu wenye makoti meusi waliojifanya wanasoma simu zao. Akaenda mpaka mlangoni.

"Geuka. Rudi. Sema jina ya kaka yako mkubwa."

Mama alilisema. Akasema na mengine yote yaliyofuata, kwa mpangilio wa kuzaliwa, akiwa amesimama, ameshika nguzo ya treni. Koko alisikiliza mpaka la mwisho, ambalo ni lake mwenyewe Mama. Hakulia. Aliinua mkono, akajipapasa utosini kama anayetafuta kilemba kilichoanguka.

"Sasa hii kichwa," alisema, "nitafanya nayo nini?"

Mama alikaa. Hakunitazama mpaka tulipobadilisha treni mjini, na hata hapo alinitazama ili kuona kama nimebeba begi.

Alby tena

Mlango wa jengo ulikuwa wazi. Mliokuja hamkuwa na ufunguo wa nyumba. Mlikuwa mmepiga simu ya Mama mkaisikia ikiita ndani, hakuna anayejibu, na hiyo ikawatosha. Kwa sababu ya baridi mlikuwa mmeingia kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima. Mlikuwa mmekaa kwenye viti vya kukunja kati ya mashine, masufuria yako juu ya meza ya kukunjia mashuka, mnaimba. Mlangoni alisimama jirani yetu wa ghorofa ya pili na kikapu chake cha nguo. Ilikuwa zamu yake ya kufua, na katika nchi hii zamu ya kufua haichezewi, lakini alikuwa amevua kofia.

Mama aliingia wa kwanza. Wimbo ukakatika kama redio iliyochomolewa.

"Yesu!" Mama Ndayi alisema, akaangusha mwiko.

"Si yeye, ni mimi," Mama alijibu. "Hiyo sombe ina chumvi?"

Kuna waliocheka, kuna waliokimbilia kumgusa. Mama Ndayi alikuja kwangu.

"Mlishindwa hata kumpigia mtu kazini kwake?" nilimuuliza. Ndiyo, nilikuwa na ujasiri huo. Nilikuwa bado natafuta mtu wa kugawana naye lawama.

"Sikiliza, binti," alisema. "Mtoto ameweka picha ya mama yake na mishumaa. Nani tena nimuulize? Ungekuwa weye ungenipa risiti?"

Mama alipakua chakula cha msiba wake mwenyewe na kuwagawia, jirani akapewa sahani ya kwanza. Mmoja baada ya mwingine mlinipita bila kuniaga. Sikuwalaumu.

Jumapili zilizofuata

Mama aliomba namba ya Doña Chabela. "Mtu amenipikia," alisema, "lazima nimshukuru." Nilimsihi tuandike barua tu. Akakataa. Akavaa kitenge, akakaa mbele ya kioo cha simu, nikampigia Itzel nikamweleza ukweli, nao uliishia kwa maneno yale mawili: yuko hai.

Doña Chabela alifanya ishara ya msalaba. Alimtazama Mama, kisha akamtazama sana mtu aliyekaa pembeni ya Mama, yaani mimi. Hakufoka. Aliuliza jambo moja.

"Anauliza," Itzel alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kijijini, "asubuhi ya sikukuu maji ya glasi yalikuwa yamepungua. Kama si mama yako, nani alikunywa?"

Najua maji hupungua vipi. Nilitafsiri swali bila kuongeza kitu.

Mama alifikiri. "Mwambie tuko wengi," alisema. "Nina ndugu wasio na picha. Mwambie ahsante, walikuwa na kiu."

Kisanamu kiko kwenye rafu, kati ya mwokaji na daktari. Mama anakipangusa Jumamosi pamoja na wenzake, hakukipendelea wala hakukitupa. Haulizi tena nani anafanya kazi gani. Mimi sijanunua kingine.

Jumapili tunampigia Koko kama kawaida. Lile neno lake la kuzikwa hajalisema tena. Badala yake anamwambia Mama asogee, nije mimi mbele ya kioo. Anavua kitambaa, anainamisha kichwa karibu na simu mpaka kinajaza kioo chote, na kuniuliza, kwa upole ambao nisingemwombea mtu yeyote:

"Tazama vizuri, Riziki. Zimefika wapi?"

Nami natazama, namwambia zilipofika.